Kiini-macho mbele ya wanafunzi: toka Chieri mpaka Musonoi

Katika Musonoi, karibu na Kolwezi, mutoto hahitaji kununua kitu cha kuchezea. Anaokota njiani jiwe dogo lenye rangi ya majani, lile ambalo wataalamu wanaliita malakiti, analitia mufukoni, na siku nzima analichezesha vidoleni. Mwaka mumoja tulikuwa tukifundisha psikolojia pale kwa wanafunzi wakubwa wanaojitayarisha kuwa waalimu, na jiwe la namna ile lilitusaidia kuliko kitabu. Tulilishika kwa mukono wa kuume, tukaonekana kulitia katika mukono wa kushoto, tukafunga ngumi, tukapuliza, tukafungua: hakuna kitu. Kisha, mbele ya kusema neno lolote, tuliomba kila mumoja aandike yale aliyoyaona. Wengi waliandika kwamba waliliona jiwe likiingia katika mukono wa kushoto. Wengine waliongeza kwamba waliona rangi yake katikati ya vidole vyetu. Lakini jiwe halikuingia kamwe. Lilikaa daima katika mukono wa kuume.

Kijana mumoja akasimama, akatuuliza: « Padri, hii ni ulozi ao ni ufundi? »

Ulizo lile si la muchezo. Ni ulizo la zamani, na katika historia watu walilijibu kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kunyamaza, na kuacha wanaotazama wabaki na woga wao. Namna ya pili ni kufungua mukono wa kuume na kuonyesha jiwe. Mapadri wenzetu, na ninyi waseminari munaojitayarisha kufundisha, tunataka hapa kufuata historia ya namna zile mbili, kwani katika inchi yetu jambo hili linagusa uzima wa watoto.

I. Waliotumia kiini-macho ili watawale

Tuanze na Algeria. Mwaka wa 1856 serikali ya Ufaransa ilimutuma kule Robert-Houdin, mutu wa Blois aliyekuwa fundi wa saa kisha akawa mukubwa wa kiini-macho katika Ufaransa yote. Kwa nini wamutume yeye, si jemadari? Kwa sababu wakubwa wa Ufaransa waliwaogopa viongozi wa dini ya Waislamu walioitwa marabu. Wale walisifiwa kwa maajabu yao, na waliweza kuamsha watu wapigane na wageni. Basi serikali ilitaka kuonyesha kwamba Mufaransa anayo maajabu makubwa zaidi.

Katika mwezi wa Oktoba, mbele ya wakubwa wa makabila waliokusanyika Alger, Robert-Houdin alitia sanduku dogo mbele yao. Mutoto aliweza kuliinua. Kisha alimuita mwanaume mwenye nguvu, akamwambia kwamba atamuondolea nguvu zake zote. Mwanaume yule alivuta sanduku, akavuta tena, halikutikisika. Chini ya sakafu palikuwa sumaku ya umeme: umeme ukipita, chuma cha sanduku kilishikwa kabisa. Tena umeme ule ulimupiga mikononi, akakimbia. Baadaye watu waliambiwa kwamba mambo yale yalikuwa ufundi tu, si ulozi. Lakini sumaku yenyewe haikuonyeshwa. Watu walipashwa kujua kwamba Mufaransa ana ufundi, bila kujua ufundi wenyewe ni nini.

Afrika ya Mashariki inao mufano wake. Mwaka wa 1883 Joseph Thomson, kijana wa Scotland, alipita katika inchi ya Wamasai. Alijitia kuwa laiboni, ndiyo kusema mwaguzi mukubwa. Alikuwa na meno mawili ya bandia. Alikuwa akiyatoa kinywani na kuyarudisha mbele ya wapiganaji. Alikuwa pia na chumvi ya dawa ya Waingereza inayotoka povu katika maji. Kwa mambo madogo kama yale alijipatia njia na heshima, naye mwenyewe aliyasimulia katika kitabu chake cha mwaka wa 1885, kana kwamba ni kichekesho.

Kongo yetu nayo haikukosa. Tarehe 18 Julai 1890, akiwa Stanley Falls, pahali panapoitwa leo Kisangani, George Washington Williams aliandika barua ya wazi kwa mufalme Leopold II. Williams alikuwa Mumarekani mweusi, askari wa zamani, muchungaji wa Kiprotestanti na mwandishi wa historia. Alikuwa ametembea katika Kongo miezi mingi akiuliza habari. Katika mashitaka yake alieleza namna watu wa Stanley walivyopata mapatano ya udongo toka kwa wakubwa wa vijiji. Muzungu alificha chini ya koti yake chombo cha umeme kilichonunuliwa London, na uzi wake ulifika katika kiganja. Alipomupa mukubwa wa kijiji mukono, yule alishituka na karibu aanguke, akafikiri kwamba nguvu za ndugu yake mweupe hazina mwisho. Kisha muzungu alitoa kioo kinachokusanya mwali wa jua, akawashia nacho sigara, na kusema kwamba jua ni rafiki yake na laweza kuchoma kijiji. Tena alijifanya kutia risasi katika bunduki, akaificha katika mukono wa nguo yake, akamupa mutu bunduki na kumuamuru apige. Bunduki ikalia, muzungu akainama, akatoa risasi katika kiatu chake. Williams aliandika kwamba kwa namna ile, pamoja na masanduku machache ya pombe kali, vijiji vizima vilitolewa.

Tukubali kama wanahistoria kwamba Williams aliandika kama mushitaki, na kwamba hakuwa mbele ya kila mapatano. Alikufa Uingereza tarehe 2 Agosti 1891, bila kupata wakati wa kumaliza kazi yake. Lakini namna anayoieleza inafanana sana na ile ya Alger: umeme uliofichwa, risasi iliyofichwa, na mutu anayeachwa na woga wake. Tusikose kuona jambo moja. Wakubwa wale wa vijiji hawakuwa wajinga kuliko watu wengine. Watazamaji wa Paris walishangazwa na kiini-macho cha Robert-Houdin sawasawa. Tofauti ni hii: wa Paris walilipa tiketi, wakajua kwamba ni muchezo, wakarudi nyumbani na mali yao. Wa Kongo hawakuambiwa kwamba ni muchezo.

II. Daniele na kijana wa Becchi

Namna ya pili nayo ni ya zamani. Waseminari wanaijua habari ya Daniele na sanamu Beli, katika sura ya 14 ya kitabu chake. Mufalme aliamini kwamba Beli ni mungu muzima, kwani kila siku chakula kilichotiwa mbele yake kilikuwa kimekwisha. Daniele hakupiga kelele. Aliomba majivu, akayamwanga chini ya hekalu yote mbele ya mufalme peke yake, kisha wakafunga mulango. Asubuhi mufalme aliona chakula kimekwisha, akataka kumusifu Beli. Daniele akacheka, akamwambia atazame chini. Nyayo za wanaume, za wanawake na za watoto zilijaa katika majivu, nazo zilipeleka mpaka kwenye mulango wa siri chini ya meza. Daniele hakumuomba mufalme aamini neno lake. Alimupa majivu, na macho ya mufalme yenyewe yalisoma.

Lakini mwalimu wetu mukubwa katika jambo hili ni Mutakatifu Yoane Bosco. Alizaliwa Becchi, katika Piemonte, tarehe 16 Agosti 1815; baba yake alikufa yeye hajafika miaka miwili. Alipokuwa mutoto alikwenda sokoni siku za sikukuu kutazama wachezaji wa kamba na wa kiini-macho. Hakutazama kama wengine. Alitazama mikono yao mpaka alipojua siri, akarudi nyumbani, akajaribu mpaka aliweza. Kisha alifunga kamba kati ya miti miwili, akaita watoto na wakubwa wa kijiji. Mbele ya muchezo walisali rozari, akawarudilia mahubiri ya padri ya asubuhi, na mutu aliyekataa kusali hakupata ruhusa ya kutazama. Wasalesiani walipofika Elisabethville mwaka wa 1911, wakiongozwa na Padri Joseph Sak, habari za kijana yule ziliingia pamoja nao katika Katanga.

Watu wengi wanakumbuka kamba, lakini wanasahau lile lililotokea Chieri, alipokuwa mwanafunzi pale toka mwaka wa 1831. Don Bosco mwenyewe aliliandika katika makumbusho yake, kati ya mwaka wa 1873 na 1875, kwa amri ya Papa Pio wa IX.

Katika Chieri alikaa katika nyumba ya mutu mumoja jina lake Tommaso Cumino, mukristu mwema mwenye kupenda kicheko. Kijana Bosco alimushangaza kila siku. Mwenye nyumba alitayarisha kuku kwa ajili ya wageni. Alipofungua sahani, jogoo muzima akaruka na kuwika. Alimimina divai, yakatoka maji. Mwisho Cumino hakucheka tena. Alifikiri: mutu hawezi kufanya mambo haya, na Mungu hapotezi wakati wake kwa upuuzi huu, basi ni shetani. Akakwenda kumwambia padri jirani, na habari ikafika kwa kanoniko Burzio, paroko wa kanisa kubwa.

Tusimame hapa kidogo. Kijana maskini, yatima wa baba, anayekaa katika nyumba ya watu wengine, anashitakiwa kuwa anatumika na shetani. Tunaijua habari hii. Inatokea kwetu kila mwaka. Tofauti ni mutu aliyepewa kazi ya kuamua.

Kanoniko alimupokea kijana akiwa anasali breviari yake. Alimupeleka katika chumba cha kazi, akamwambia kwa upole lakini kwa uso mukali kwamba anasifu masomo yake, ila watu wanasema anajua mawazo ya wengine, anahesabu feza katika mifuko ya watu, na kufanya cheupe kionekane cheusi. Nani amemufundisha mambo haya? Kijana aliomba dakika tano, kisha akamuuliza ni saa ngapi. Kanoniko akatafuta saa yake: hakuna. Basi amupe sarafu ndogo. Akatafuta mufuko wa feza: hakuna. Kanoniko akakasirika, akataka kumushitaki. Ndipo kijana alipoeleza. Alipoingia, kanoniko alikuwa akimupa maskini sadaka, akasahau mufuko juu ya kiti cha kupigia magoti. Kisha, alipotoka chumba kimoja kwenda kingine, aliacha saa juu ya meza ndogo. Kijana alivificha vyote viwili. Akainua kifuniko cha taa: saa na mufuko vilikuwa pale.

Kanoniko alicheka sana. Alimuomba amuonyeshe michezo mingine na namna inavyofanyika, akamupa zawadi ndogo, akamutuma awaambie rafiki zake kwamba mushangao unafundishwa na ujinga.

Mambo matatu yalimuponyesha kijana Bosco. Kanoniko aliuliza mbele ya kuhukumu. Kijana alikubali kufungua siri yake. Na kanoniko hakuona haya kwamba yeye, mutu wa masomo makubwa, alidanganywa na mutoto. Hili la tatu ni gumu kuliko yote. Wangapi kati yetu, wakionyeshwa kwamba macho yao yamekosea, wanacheka?

III. Wataalamu wanauliza wachezaji

Wataalamu wa psikolojia walichukua miaka mingi mbele ya kuelewa kwamba muchezaji wa kiini-macho anajua juu ya akili mambo wasiyoyajua wao. Alfred Binet, Mufaransa, alilielewa. Mwaka wa 1893 aliwaita wachezaji watano wa Paris katika chumba chake cha utafiti cha Sorbonne. Mumoja wao alikuwa Georges Méliès, aliyejulikana baadaye kwa sinema. Binet aliwapiga picha nyingi zinazofuatana upesi upesi. Katika picha zile, zikitazamwa moja moja, uongo ulionekana wazi. Lakini mikono ilipotembea mbele ya macho, hakuna aliyeona. Mwaka wa 1894 alitoa makala yake juu ya psikolojia ya kiini-macho.

Mwaka wa 1900, katika Marekani, Norman Triplett alifanya jaribio ambalo mwalimu yeyote aweza kulirudilia bila makuta hata moja. Alikaa mbele ya watoto wa masomo, akatupa mupira mudogo juu, akaudaka. Akautupa tena, akaudaka. Mara ya tatu alifanya mukono uleule, na macho yake yakafuata juu, lakini mupira aliuacha ukianguka kati ya magoti yake. Karibu nusu ya watoto walisema waliuona mupira ukipanda na kupotea hewani. Mwaka wa 2006, katika Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land walirudilia muchezo ule wakipima macho ya watazamaji kwa vyombo. Muchezaji alipotazama juu, karibu theluthi mbili ya watazamaji waliona mupira ambao haukuwako. Alipotazama mukono wake, walipungua mpaka karibu theluthi moja. Na jambo la ajabu: macho yenyewe ya watazamaji mara nyingi hayakwenda pale mupira « ulipopotea ». Yalikuwa yakitazama uso wa muchezaji. Basi macho hayakudanganyika sana; ilikuwa akili iliyojaza pahali patupu.

Toka pale tunaweza kuwafundisha wanafunzi mambo matatu makubwa ya psikolojia.

La kwanza ni uangalifu. Uangalifu ni kama taa ya muchimbaji ndani ya shimo: inaangaza pale kichwa kinapogeuka, na pembeni panabaki giza. Muchezaji anageuza kichwa chake, na vichwa vyetu vinamufuata.

La pili ni matarajio. Kutupa mupira mara mbili kulifundisha akili kuona mara ya tatu. Tunaona yale tuliyojitayarisha kuyaona.

La tatu ni wakati. Kazi ya siri inafanyika mbele ya watazamaji kujua kwamba muchezo umeanza. Kanoniko Burzio alianza kuangalia kijana alipoulizwa saa. Lakini saa ilikuwa imekwisha kufichwa. Anayechelewa kuangalia ataona mwisho tu, naye atauita mwujiza.

Binet yuleyule, pamoja na Simon, alitoa mwaka wa 1905 kipimo cha akili za watoto, na toka pale kazi ya kupima akili ilienea katika dunia. Ilifika kwetu. Katika miaka ya 1950 Union Minière ilikuwa na wataalamu wa psikolojia Elisabethville, waliopima akili za watoto na za watumikaji kwa michoro, kwa vipande vya kupanga, na kwa saa mukononi. Hatusemi kwamba kazi ile yote ilikuwa mbaya. Wengine kati yao walitafuta kwa haki namna ya kupima bila kumuonea mutu asiyesoma. Lakini tuseme wazi: psikolojia iliingia Katanga kama kitu kinachofanywa juu ya mutu mweusi, si kama kitu anachopewa mikononi. Mutoto alipimwa. Hakufundishwa namna akili yake mwenyewe inavyotembea.

IV. Musonoi

Musonoi ilijengwa kama kambi ya watumikaji wa Union Minière, kampani iliyotwaliwa na Serikali mwaka wa 1967 na kuitwa baadaye Gécamines. Mutu asifikiri kwamba watu wa kambi ile walingoja vitabu vya Ulaya ili wajiulize juu ya akili ya mutu. Mwaka wa 1953 Padri Placide Tempels, Mufransiskano, alitumwa kwa watumikaji wa Kolwezi, na kati yake na watu wale wa kazi na wake zao ilizaliwa Jamaa. Walifundishana uzima, uzazi na mapendo. Na neno mawazo walilipa pahali pa juu sana katika kueleza umuntu. Johannes Fabian, aliyefika miaka ya 1966 na 1967 kuisikiliza Jamaa, alikuta kwamba watu wenye kazi ya mashimo walikuwa na mafundisho marefu, yaliyopangwa, juu ya mambo ya ndani ya mutu, na kwa Kiswahili. Historia ya Jamaa ilikuwa na majonzi yake pia, na si kazi yetu hapa kuieleza. Tunakumbusha jambo moja tu: katika Musonoi ulizo la mawazo ni la nyumbani.

Lakini katika miji ileile lilikua tatizo lingine. Toka miaka ya 1990, njaa na ukosefu wa kazi vilipozidi, watoto wengi wa miji ya Kongo walishitakiwa kuwa walozi. Shirika la Human Rights Watch lililieleza katika taarifa yake ya mwaka wa 2006 juu ya watoto wa barabarani. Mara nyingi wanashitakiwa yatima, watoto wa mama wa kambo, wenye kifafa, wenye kukojoa kitandani, wenye akili nyingi kupita kiasi. Wanapelekwa kwa watu wa maombi, wanafungishwa kula, na mara na mara « kitu cha ulozi » kinatolewa katika mwili wao mbele ya watu. Sheria imekataza. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inatoa azabu. Lakini sheria haifungui macho ya anayeamini kwamba ameona.

Tunaeleza jambo moja tulilolijua, bila kutaja jina la mutu wala la nyumba ya sala. Musichana wa miaka kama kumi na moja alishitakiwa na ndugu za baba yake, kwani mutoto muchanga wa nyumba ile alikuwa amekufa na baba alikuwa amepoteza kazi. Wakamupeleka kwa mutu wa maombi. Yule alimulaza chini, akamukamua tumbo kwa nguvu, akatoa mbele ya wote kipande cha nyama chenye damu. Watu wakalia kwa woga. Mumoja wa wanafunzi wetu wa kalasi ya jiwe alikuwa ndani. Hakutazama tumbo, pale wote walipotazama. Alitazama mukono wa pili, akauona ukishuka katika kitambaa kilichokuwa pembeni, mbele ya sala kuanza.

Hakusema neno katika mukutano, wangemupiga. Usiku alikwenda kwa baba wa musichana. Aliomba kipande cha nyama cha nyumbani, akafanya jambo lilelile juu ya tumbo lake mwenyewe, kisha akaonyesha mukono. Baba alimuomba arudilie mara tatu. Musichana hakufukuzwa. Hatusemi kwamba mambo yote yalikwisha: shangazi zake walikataa kula pamoja naye kwa muda murefu, na feza iliyolipwa haikurudi. Lakini alilala nyumbani kwao.

V. Mashaka ya wenzetu

Tulipoeleza somo letu kwa mapadri wengine, walitupa mashaka matatu. Yanastahili jibu.

Wengine walisema: haifai kwa heshima ya padri. Don Bosco alifikiri vile pia. Alipovaa kanzu mwezi wa Oktoba 1835 mbele ya kuingia seminari kubwa, aliandika maazimio yake, na kati yake alikataa kiini-macho na michezo ya kamba. Lakini baadaye, katikati ya vijana wa Torino, alirudilia michezo ile mara na mara, kwa ajili yao. Tunafikiri kwamba alikuwa na haki nyakati zote mbili. Museminari alipashwa kuacha sifa. Padri alipata tena chombo.

Wengine walisema: munafundisha udanganyifu, wanafunzi watakwenda kuiba sokoni. Jibu letu ni kwamba wezi wanajua tayari. Wanaokosa kujua ni wale wanaoibiwa: muchimbaji anayeambiwa kwamba feza yake itazaa usiku ndani ya sanduku, mama muzee anayeuziwa dawa. Tukinyamaza, tunamusaidia mwizi.

Shaka la tatu ndilo kubwa: mwanafunzi akijua kwamba macho yanadanganyika, hatakataa pia miujiza ya Bwana wetu? Hapana, tukifundisha vizuri. Kanisa lenyewe haliamini upesi. Katika Lourdes, toka mwaka wa 1883, iko ofisi ya waganga wanaochunguza wale wanaosema wamepona. Wametoa habari watu elfu nyingi, na miujiza iliyokubaliwa na maaskofu haifiki mia moja. Tena mwujiza wa Injili hautafuti woga. Bwana Yezu alimutuma mukoma aliyepona ajionyeshe kwa makuhani, akampa Toma mikono yake aitazame. Anayekataza kuangalia mikono si mufuasi wake.

Basi kwa mwalimu anayetaka kujaribu, tunatoa mashauri manne tuliyojifunza kwa kukosea. Usifanye kiini-macho kanisani, wala kwa kitu kitakatifu, wala katika katekisimu ya sakramenti. Waache wanafunzi waandike mbele ya kuzungumza, kwani wakisikilizana kila mumoja ataona yale aliyoyaona mwenzake. Fungua siri siku ileile, kengele haijalia. Mwaka wa kwanza sisi tuliacha mpaka kesho yake, na usiku ule mama mumoja alikuja kutuuliza ni dawa gani tuliyompa mwana wake aitazame. Mwisho, mupe mwanafunzi jiwe ajaribu mwenyewe mpaka mikono yake imekubali. Aliyefanya haogopi tena.

Kijana yule aliyeuliza kama ni ulozi ao ni ufundi, hatukumujibu kwa maneno. Tulimuita mbele ya kalasi, tukafungua mukono wa kuume, tukamupa jiwe. Alichukua siku tisa kujifunza. Siku ya kumi alituomba ruhusa ya kulionyesha nyumbani kwao, mbele ya bibi yake aliyekuwa akiwaogopa sana walozi. Tulimupa ruhusa kwa sharti moja: asirudi bila kumufundisha na bibi.